Kutoka Shamba la Viazi Hadi Benki ya Uwekezaji

"Wewe utaishia kuuza kadi za simu hapo stendi," anko wangu aliniambia mbele ya watu, siku niliyotangaza kwamba nataka kazi katika benki ya uwekezaji. "Huko wanataka watoto wa chuo kikuu. Wewe uko na C ya kidato cha nne, na diploma ya chuo kilicho juu ya duka la misumari."

Chuo kilikuwa juu ya duka la misumari kweli, Nyeri mjini, na mwalimu alinyamaza kila mara mabati yaliposhushwa. Sikuona aibu wakati huo, sembuse sasa.

Nilituma maombi mpaka nikasahau nimeomba wapi. Hatimaye benki moja ya Nairobi, ya zile zinazosaidia kampuni kununuliwa na kuuzwa, iliniita kwenye usaili. Atakayepita angejifunza kazi miezi kadhaa bila mshahara. Mzee Mhindi mwenye duka la nguo alinipa suti kwa mkopo. "Ukikosa kazi, rudisha koti," alisema. "Suruali kaa nayo." Anko alinikopesha nauli. "Ya kwenda tu. Ya kurudi utajijua."

Kodi ya nyumba Nairobi kwa miezi hiyo ndiyo iliyokuwa mlima. Shangazi yangu wa Endarasha alinipa magunia ya mbegu za viazi alizotaka kupanda msimu ule, niyauze. Shamba lake lingelala bure msimu mzima kwa ajili yangu.

Kwenye usaili, wenye digrii walioketi nami nje walikuwa wakikariri kanuni za hesabu. Mimi niliulizwa: utajuaje bei ya kampuni ambayo hujaiona yote?

"Kwetu dalali hununua viazi vikiwa bado ardhini," nikasema. "Nimefanya kazi hiyo tangu shule. Mwenye shamba atakupeleka karibu na barabara, pale alipomwaga mbolea. Mimi huchimba kule chini anakokuonyesha kwa kidole tu. Halafu nauliza barabara huwaje mvua ikinyesha, kwa sababu lori likikwama, hasara ni yangu."

Mama mmoja wa jopo aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini. "Na akikukataza kuchimba huko?"

"Hapo bei imeshashuka."

Walicheka, na nafasi ya kujifunza nikapata. Zile kanuni za hesabu nilizishika upesi kuliko waliozisomea miaka minne, na sisemi hivi kwa kujisifu; miezi ya kujifunza ilipoisha waliajiri wachache wetu na mimi nilikuwa wa kwanza kuitwa.

Niliporudi Nyeri na mshahara wa kweli, nikiwa na gari langu na kiwanja mtaani Ruring'u, nilitenga Jumamosi moja ya kulipa madeni. Mzee wa nguo nilimlipa, kisha nikanunua suti mbili kwa pesa taslimu. Anko nilimrudishia nauli yake, akahesabu noti polepole.

"Ati sasa hiyo benki yenu haiwezi kunikopesha?"

"Hatukopeshi pesa ndogo za nauli, anko."

Shangazi ndiye aliyenisumbua. Alirudisha bahasha bila kuifungua. "Nilikupa mbegu, sikukupa pesa."

Nikaenda kununua mbegu bora kuliko zake, nikazileta kwenye buti la gari. Alizikagua, akaridhika, kisha akanipa jembe.

"Uliondoka na msimu wangu mzima. Panda."

Nilikunja suruali ya suti nikapanda mpaka jua likaegemea milima ya Aberdare. Nilipojiosha matope, hapakuwa na mtu Nyeri nzima aliyenidai.