Mwamuzi Hanywi kwa Mwenye Kesi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msidhani sheria nilikutana nayo mara ya kwanza hapa Louisville, Marekani. Niliijua kwa pua. Kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi kina harufu tamu, na mtoto mwenye njaa huisikia kabla hakijafika mlangoni.

Kiangazi kile, kwetu milimani Kivu, majani yalikauka na ng'ombe wetu wakaacha kutoa maziwa. Baba yangu alikuwa mwamuzi wa kesi za mifugo. Hakusoma. Watu walimchagua kwa sababu alichunga ng'ombe wa wengine tangu utoto, wala hakuna ndama aliyepotelea mikononi mwake. Basi baba mkubwa, kaka yake, akagombania mtamba na mjane mmoja. Kabla ya kesi akatuletea kibuyu kimejaa. Sisi watoto tukameza mate. Lakini kwa desturi yetu mwamuzi hanywi kwa mwenye kesi mpaka imalizike. Baba akakirudisha, tukalala na uji mwepesi kama maji. Kesi ikasikilizwa: mtamba alikuwa wa mjane, akapewa mjane.

"Umenivua nguo mbele ya mwanamke!" baba mkubwa akafoka.

"Jifunike na ukweli, kaka," baba akajibu, akaenda zizini.

Sasa kijana wangu Amani anashtakiwa kumpiga mwenzake kwenye depo, bohari wanakofanya kazi huko Jeffersontown. Anasema aliamua ugomvi tu. Anaweza kufungwa. Jaji wake tunamjua: alikuja kanisani kwetu kuomba kura, maana huku majaji huchaguliwa. Ni binti wa dereva wa basi, alisoma sheria jioni baada ya kazi, akatetea maskini miaka mingi kabla ya kukalia kile kiti. Ndugu zetu wa miji ya Columbus na Buffalo waliposikia, simu hazikupoa. "Mama, donc, basi huyo ni mtu wenu! Mpelekeeni zawadi, mchungaji akamwone!" Amani akanitazama kwa macho ya kuomba.

Wanasema mambo ya milimani yamepitwa. Yamepitwa na nini? Baba alikaa juu ya jiwe, huyu mama anakaa juu ya kiti kirefu. Kazi ni ile ile, na anayemnong'oneza pembeni anamtukana. Jela ya mwanangu naiogopa kuliko wote. Lakini njia ya mwongo ni fupi.

Nikawaambia wa nyumbani: "Zimeni simu. Hakuna wa nyumba hii atakayemfuata jaji nje ya korti. Amani, piga shati pasi. Kesho sema ulichofanya, usiongeze, usipunguze. Na ninyi wengine mtakaa nyuma yake, kimya."