Kompyuta Iliyotaka Kufuturu Adhuhuri

Ramadhani hii nimerudi Malindi na kompyuta ya mfukoni, natamba kama niliyeiunda mwenyewe. Ina kioo cha mstari mmoja na inafahamu lugha moja tu ya programu, Basic. Nikaiandikia kwa lugha hiyo: ikifika saa kumi na mbili na nusu, magharibi, ilie. Nikamwambia baba mkwe, "Ikilia tu, futuru."

Kesho yake tuko msikitini Barani, swala ya adhuhuri, tumesujudu. Mfukoni mwangu, pii, pii, pii! Lugha nilitumia yake, lakini saa niliipa zetu. Yenyewe huhesabu za Kizungu, na kumi na mbili na nusu yake ni mchana kweupe.

Tulipotoa salamu, baba mkwe akanigeukia mbele ya safu nzima: "Haya mwanangu, tende ziko wapi?"