Kompyuta Iliyokuwa Bado Inawaka

Fundi alinionya mara tatu. Alisema waliotengeneza mfumo wa kompyuta yangu wameacha kuuletea kinga mpya, kwa hiyo kirusi chochote kitaingia bila kupiga hodi. "Dada, hii imeshastaafu."

"Si inawaka? Basi niache."

Akili za kuambiwa changanya na zako, lakini zangu zilikuwa ubishi mtupu. Kompyuta ile niliipata enzi mitumba ya kila aina ilipoanza kumwagika Kariakoo. Ndiyo iliyoisimamisha steshenari yangu, hapa Msimbazi, kwa barua na kadi za michango ya harusi.

Jirani yangu, mzee wa Kichaga mwenye duka la vitenge, alikuwa akija kila alasiri kunitamkia historia ya ukoo wao nichape. Ilikuwa isomwe Desemba, wakipanda kwao Moshi kwa Krismasi, "kuhesabiwa", kama tunavyowatania. Akikwama jina, alimpigia simu mama yake huko mlimani. Julai wakamzika mama. Hata hapo sikubadilisha kompyuta. Nilisema tumalize kwanza, ndipo niprinti nakala safi na kununua nyingine.

Novemba mteja alileta flashi nimprintie barua ya kazi. Nilipoichomeka tu, mafaili yangu yote yakagoma kufunguka. Fundi alihangaika siku mbili, akashindwa. Hakunikumbusha maonyo yake, na hilo liliniuma zaidi.

Nilivuka barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Historia imepotea. Kosa ni langu."

Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Yote?"

"Yote."

Niliona aibu. Ndipo nikakumbuka kwamba mara kwa mara nilijaribu kuprinti kurasa za historia ile, na zilizoharibika wino huwa nampa mama wa maandazi pale kona, afungie. Nilimkimbilia. Zilikuwa zimebaki tatu chini ya beseni. Nyingine zilishaondoka na wateja.

Mzee alizipokea zikiwa na mafuta, akazisoma taratibu. "Nashukuru, mwanangu," alisema, na sauti yake haikuwa na kinyongo hata kidogo. Ningefurahi kama angenifokea.

Wiki ile ile nilinunua kompyuta nyingine. Alikuja alasiri, akakaa kwenye stuli yake, tukaanza upya. Zile kurasa tatu tulizimaliza haraka. Kwenye ya nne akakwama jina. Akatoa simu, akabonyeza mara mbili, akaitazama, kisha akairudisha mfukoni.