Waliosikia Yowe la Minza

Minza anauza michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye kona ya nyumba tunayopanga hapa Shanwe, Mpanda mjini. Viazi vyake ni vitamu, ila ukimwomba nyongeza atakuuliza kama shamba ni la baba yako. Lakini sijawahi kumwona akiipa barabara mgongo. Ukuta uwe nyuma yake ndipo anakaa.

Alikuja Katavi akiwa bibi harusi, na mumewe na ng'ombe, kutoka Usukuma. Mume alipofariki akabaki na shamba, jirani na shemeji yake, Ngusa. Mtoto wa Ngusa akaugua, akafa. Ngusa akaenda kwa mganga, na ramli ikamtaja mjane mwenye macho mekundu. Macho mekundu! Kama macho ya moshi wa kuni mbichi yangekuwa uchawi, sisi wapishi tusingebakiza mwanaume hata mmoja nchi hii.

Watu wakaacha kumsalimia. Akaenda kuomba moto kwa jirani, akaambiwa umezimika, na moshi anauona. Asubuhi moja akamkuta mbwa wake mlangoni, amekatwa panga. Akapeleka habari kwa mtendaji wa kijiji.

"Hayo ni mambo ya ukoo, mama," akaambiwa.

Kwa Wasukuma, yowe likipigwa kila mwenye miguu hutoka. Asiyetoka hutozwa faini, au hata hutengwa. Basi Minza akasimama uani kwake mchana kweupe, akalipiga. Alitaka kujua mapema nani atakuja siku panga likimgeukia yeye.

Hakuja mtu. Kwa Ngusa walikuwa wanatwanga, wakaendelea kutwanga.

Aliyetokea ni Ernestine peke yake, binti wa Kirundi aliyezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, aliyekuwa kibarua kwenye shamba la pili. Alikuja mbio na jembe mkononi.

"Mama, nani amekufa?"

"Bado," Minza akamjibu.

Ernestine akalitupa jembe. Akasimamisha bodaboda, wakapakizana hadi Mpanda mjini, moja kwa moja polisi, Dawati la Jinsia. Pale askari wa kike alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua jalada, akampa namba yake ya simu. Msaidizi wa kisheria aliyeitwa na polisi ndiye aliyemtafutia chumba hapa kwetu. Ngusa aliitwa, akakana kila kitu, akaachiwa.

Haya yote alinisimulia huku tukichambua mboga. Halafu akaniuliza, "Felista, siku nikipiga yowe, nyie mtatoka?"

Nikacheka. "Mama, hapa mjini watu wakisikia kelele wanafunga madirisha."

Yeye hakucheka. Niliona aibu, nikaiandika ile namba ya askari kwenye simu yangu.

Jumapili iliyopita nilikuwa nafua uani. Akaingia mwanaume wa makamo, kofia mkononi, jogoo kwapani, salamu zake tamu kama asali.

"Dada, mimi Ngusa, shemeji yake mama Minza. Yale tumeshayamaliza. Nimekuja kumchukua arudi nyumbani."

Nikamwambia ametoka. Minza alikuwa ndani, anasonga ugali. Ngusa akatazama mlango wake, akatazama na komeo lake. Sikuwa nimemwonyesha mlango wa Minza ni upi.

"Asubuhi akienda kuteka maji," akauliza taratibu, "huwa anaenda na nani?"

Mtu aliyekuja kupatana haulizi hivyo. Niliogopa, siwezi kudanganya, niliogopa mpaka sabuni ikaniponyoka. Simu ilikuwa chumbani. Mimi ni Mfipa, yowe la Kisukuma sikufundishwa, nikapiga la kwangu hivyo hivyo, kwa pumzi yote niliyokuwa nayo.

Jogoo akamtoka Ngusa kwapani.

Wa kwanza kutoka alikuwa Minza mwenyewe, mwiko mkononi, unga mpaka kwenye viwiko, akikimbia kuja kuniokoa. Akamwona Ngusa, na hakusimama. Nyuma yake nikasikia komeo la mpangaji wa kwanza likifunguliwa, halafu la wa pili.