Jumapili ya Respicius huko Bladensburg

Respicius alizaliwa Bukoba, akazeekea Falls Church, Marekani, na katikati hapo akajifunza kila chombo kilichomwangukia mikononi: gitaa, besi, kinanda, ngoma, hata harmonika. Kazi ya kompyuta kule Herndon ilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyimbo za bluzi, zile za magitaa yanayounguruma. Alizitunga kwa Kiswahili, akazirekodi chumbani kwake chombo kimoja kimoja, mpaka mtu mmoja akasikika kama bendi nzima.

Watanzania wenzake walimpenda, ila kwa kinanda. Harusi, kipaimara, msiba: aitwe Respicius. Akichomeka bluzi yake, hakosi mama wa kumwomba kwa upole arudishe zilipendwa. Alivumilia miaka na mikaka.

Mwaka jana mwenye baa moja Bladensburg alimsikiliza, akampa Jumapili moja alasiri apige nusu saa, nyimbo zake tupu. Sharti lilikuwa alete watu. Wakijaa, atapiga hapo kila mwezi, wasipojaa, basi. Kwa umri wake, Respicius alijua hatapata nafasi nyingine. Akamwendea Euphrasia, mwenyekiti wa jumuiya yetu, naye akaahidi kutuleta. Na safari hii ahadi ilikuwa ya kweli: akina mama walishona sare, wakapika pilau.

Kilichomponza ni kuandika kwenye kadi za mwaliko saa ileile aliyopewa na yule Mmarekani mwenye baa. Nani asiyejua kwamba kwetu saa ya kadi ndiyo saa ya kuingia bafuni? Yeye mwenyewe ndiye hutushauri shughuli ya saa kumi tuiandike saa nane. Furaha ilimpumbaza, maskini.

Alipiga mbele ya viti vitupu na wazee wawili waliokuwa wakitazama mpira. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alipiga vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alipomaliza, mwenye baa akamshika bega, akamwambia pole, mwezi ujao atapiga mwingine.

Alikuwa akikunja nyaya mlango ulipofunguliwa. Tukaingia wote kwa vigelegele, sare za bluu, masinia ya pilau mikononi.

“Kaka Respi, tumeku-support, hatujaku-support?” Euphrasia akauliza.

“Nimeshamaliza, dada.”

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Wakavuta viti mbele ya jukwaa, wakakaa, wakamngoja aanze.