Magitaa ya Jiwe la Kanisa

Kila redio inapopiga gitaa la namna ile, lile linaloanza kulia taratibu kama mtu anayejizuia, mkono wangu hupanda wenyewe hadi kooni. Nilikuwa na miaka tisa nilipovaa hapo gitaa dogo la jiwe, refu kama kidole, nikalificha ndani ya gauni. Baridi yake naihisi hadi leo.

Kwetu ni Tabaka, kwenye vilima vinavyochimbwa jiwe la sabuni, jiwe laini la kuchonga vyombo. Tulikua na unga wake puani, kwenye nywele, hata kwenye uji. Tata, yaani baba yangu, alichonga mabakuli na vinyago vya ndovu, nasi watoto tulivisugua kwa msasa ndani ya karai la maji mpaka vidole vikakunjamana. Mawe tuliletewa na Nyakundi, mwanamume wa maneno machache aliyefanya kazi kwa Tata tangu kabla sijazaliwa.

Mwaka ule Tata, aliyekuwa mzee wa kanisa letu la Kisabato, aliombwa kuchonga bamba la jina la kanisa jipya, likae juu ya mlango. Nyakundi alizunguka machimbo wiki mbili akitafuta jiwe lisilo na mshipa. Alilipata, jeupe lenye wekundu wa mbali kama ulimi wa ndama, akalibeba mgongoni mpaka nyumbani na kulifunika kwa majani ya ndizi lisikauke. Tulikatazwa hata kuliegemea.

Sasa niwaambie kuhusu dada yangu Kwamboka. Alikuwa kidato cha tatu, na alikuwa mgonjwa wa Watano. Hivyo ndivyo mashabiki wa kwetu walivyoiita bendi moja ya Uingereza, vijana watano wenye nywele za kufika mabegani na suruali pana miguuni. Kila mwaka mashabiki hao, wengi wao walimu na makarani, walikutana Suneka kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka, wakasherehekea siku ilipotoka santuri ya kwanza ya Watano. Kila mmoja alikuja na kitu cha kuonyesha: jalada la santuri, beji iliyoagizwa Nairobi, picha iliyokatwa gazetini. Kwamboka alikuwa na picha moja tu, nayo Tata aliiona akaitia motoni.

"Nikisikia tena habari za hao wenye nywele," alimwambia, "shule imekwisha. Utaolewa."

Tata hakuwa mtu wa kutisha bure. Rafiki wawili wa Kwamboka walikuwa tayari na watoto mgongoni.

Hata hivyo dada aliamua kwenda, na hakutaka kwenda mikono mitupu. Angewachongea magitaa ya kuvaa shingoni. Tulijaribu kwa mabaki ya mawe, lakini yalikuwa na mishipa, na kila tulipofika kwenye shingo ya gitaa ilikatika. Siku wazazi walipokwenda soko la Nyamarambe, Kwamboka aliondoa majani ya ndizi.

"Pembe tu," alisema. "Shika hapa, Moraa. Usitetemeke."

Nilishika. Alikata kwa msumeno, kisha akaona alama za meno ya msumeno zimebaki wazi. Akachukua nyundo agonge ukingo ule, ionekane kama umevunjika wenyewe. Binti wa mchongaji alipaswa kujua kwamba jiwe la namna ile hupasuka linakotaka lenyewe. Aligonga mara moja. Ufa ukakimbia mbele ya macho yetu, kutoka pembeni hadi katikati ya bamba.

Jioni Tata alilitazama jiwe, kisha akamwita Nyakundi. Alimshtaki kwamba ameliangusha, na pembe yake amewauzia wafanyabiashara wa barabarani.

"Mzee, hili jiwe nimelala nalo machimboni nikililinda," Nyakundi alisema. "Niliangushe kwako?"

"Basi pembe iko wapi?"

Nyakundi akatutazama sote, mmoja mmoja. Kwamboka alikuwa akichambua mboga. Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya Mama. Nilijua nikisema, dada hatarudi shule. Sikusema. Nyakundi akaokota koti lake akaenda.

Jumapili Kwamboka aliaga kwamba tunakwenda kwa shangazi. Chumba cha Suneka kilinukia mafuta ya nywele na mkate mpya. Watano walitutazama kutoka kila ukuta.

"Na huyu mdogo naye ni shabiki?" aliuliza karani mmoja.

"Shabiki wa mkate!" mwingine akajibu, wakacheka.

Lakini Kwamboka alipofungua kitambaa chake, kicheko kilikwisha. Waligombea magitaa kama watoto. Walimu wazima walicheza na jiwe la kanisa likirukaruka vifuani, na dada yangu akabebwa juu juu. Sijawahi tena kumwona na furaha kama ile.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia mtu amebeba kreti la soda begani. Alikuwa Nyakundi, sasa kibarua wa duka lile. Alitua kreti, akatazama vifua vile, akaja mpaka nilipoketi.

"Lete hilo," alisema polepole.

Nikavua gitaa langu nikampa. Alilipitishia kidole gumba, akalitia mfukoni, akatoka.

Kwa siku nyingi tulingoja kupigwa. Hakuna kilichotokea. Shule zilipofunguliwa, Tata mwenyewe alibeba sanduku la Kwamboka hadi barabarani. Tuliamini Nyakundi ametuhurumia, na kwa miaka mingi nilimsimulia hivyo, kama hadithi ya mtu mwema. Kwa kuwa aliitwa mvunja jiwe la kanisa, hakupata tena kazi katika machimbo yoyote ya kwetu.

Tata alikuwa amekwisha kufa Mama aliponirekebisha. "Nyakundi alikuja Jumatatu ile ile," alisema. "Aliliweka lile gitaa mezani, mbele ya chai ya baba yako. Baba yako akamwambia, 'Nimeona.' Basi. Angesimama kanisani aseme nini, kwamba ni binti yake? Na shule ya dada yako je?"

Ndipo nilipoielewa Sabato moja ya mwaka ule ule. Kwetu, kabla ya meza ya Bwana, watu huoshana miguu wawili wawili, na kila mmoja humwosha mwenzake. Nikichungulia mlangoni upande wa wanaume, nilimwona Tata akivuka chumba na beseni hadi benchi la nyuma, akapiga magoti mbele ya Nyakundi. Wazee walifuta macho. Alimwosha taratibu, akamkausha hata katikati ya vidole, kisha akaketi, akavua viatu vyake ili naye aoshwe.

Nyakundi alisimama, akashika viatu vyake mwenyewe mkononi, akatoka nje.

Nilimchukia kwa hilo. Nilikuwa mtoto, na nilichoona ni baba yangu ameketi mbele ya beseni, suruali ameikunja hadi magotini, akingoja.