Wageni Watatu na Sala ya Baba

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko mbaya na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na mkono ukichoka maneno yanapanda juu ya mstari. Ila jambo hili siwezi kulisimulia kwa mdomo, maana mbele ya watu sauti yangu hupotea.

Sisi ni Wayahudi. Huku Pwani tuko familia chache tu, nyingine Misugusugu, nyingine Chole ya Kisarawe, ambako baba alikuwa analima mihogo na mikorosho. Mimi na mama tunakaa Misugusugu. Darasa letu ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mwalimu, pale Misugusugu. Mwalimu ni karani wa ofisi Kibaha. Akitoka kazini, na siku za Jumapili, anatufundisha Kiebrania na sala. Vitabu, madawati na mabati vililipiwa na watu wa nje wanaosaidia elimu ya Kiyahudi. Hatukuwahi kuwaona.

Baba alifariki Chole wakati wa masika. Majirani Waislamu walijaa uwanja mzima, na ndio waliochimba kaburi huku mvua inawapiga. Kwetu, mtoto aliyefiwa na mzazi husimama na kusema sala inayoitwa Kadishi, karibu mwaka mzima. Lakini haisemwi mpaka wawepo Wayahudi kumi, na sisi tulifundishwa kwamba wanaohesabiwa ni wanaume. Wanaume wote tuliokuwa nao, Misugusugu na Chole kwa pamoja, tulikuwa saba.

Mzee mmoja jirani aliniona nimesimama kimya kando ya kaburi.

"Mjukuu wangu, mbona husomi?"

"Hatutoshi, babu."

Akageuka akautazama umati. "Watu wote hawa hamtoshi?"



Mwaka ukawa unaelekea kuisha. Siku moja mwalimu akaniita. Alikuwa amepata ujumbe kwenye simu: wale wanaotusaidia wanapita Tanzania na wangependa kuliona darasa. Wageni watatu, Jumapili. Nikamtazama usoni, na kabla sijauliza akasema, "Ndiyo. Tutatosha."

Tangu siku ile usingizi ukawa wa shida. Wenzangu walihangaikia darasa, ukuta uliopasuka na choo kisicho na mlango. Mimi niliwaza mambo mengine. Gari likiharibika je? Mgeni mmoja akiugua? Watu wa Chole wakikosa usafiri? Nilirudia Kadishi nikichota maji, nikifagia, nikila. Mama akasema, "Utaichakaza kabla ya siku yake."

Jumapili watu wa Chole walifika mapema kwa bodaboda, suruali zimejaa vumbi. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, alikuwemo. Wageni walichelewa mpaka jua likasimama utosini. Kisha gari likaingia. Akashuka mzee mwenye mvi. Akashuka kijana mrefu. Akashuka mama wa makamo, kafunga kitambaa kichwani. Nikangoja. Dereva akaubamiza mlango.

"Mwingine yuko wapi?" nikamuuliza.

"Mwingine nani? Ndio hao hao, bwana mdogo. Ulitaka nikuletee basi zima?"

Ujumbe ulisema wageni watatu, na sisi sote, hata mwalimu, vichwani mwetu tuliwaona wanaume watatu. Hakuna aliyefikiria kuuliza.

Mzee mwenye mvi akanijia na kunyoosha mkono. "Shikamoo!"

Watoto wakaangua kicheko. Nitamwitikiaje marahaba mtu wa umri wa babu yangu? Nikainama tu.

"Mwitikie basi," mwalimu akaninong'oneza. "Kajifunza njia nzima."

Wakakagua darasa. Watoto waliimba, wakasoma herufi ukutani. Yule mama mgeni aliketi kwenye dawati pamoja na wasichana, akawauliza mambo mengi, na mwalimu akawa anatafsiri. Kila macho ya mwalimu yalipokutana na yangu, aliyaondoa haraka. Mimi nilikaa karibu na mlango, nikimwona dereva anavyoigonga saa yake. Walikuwa na ndege ya kuwahi, na foleni ya kuingia Dar inajulikana.

Hatimaye mwalimu akasema tusali sala ya mchana kabla wageni hawajaondoka. Tukasimama. Kwetu watu hawahesabiwi kwa namba, ni mwiko. Tunautumia mstari wa Zaburi wenye maneno kumi, kila mtu anapewa neno lake. Mwalimu akaanza kugawa maneno, kichwa kwa kichwa. La mwisho kabisa likabaki mdomoni mwake.

Mzee mgeni akauliza kitu kwa Kiingereza. Mwalimu akajibu kwa sauti ya chini, na wote wakageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mzee anasema," mwalimu akatuambia, "kwenye sinagogi lao huyu mama anahesabiwa kama mwanaume. Lakini anasema hapa mwalimu ni mimi."

Jasho lilikuwa linamtoka. Nilimwelewa. Akikataa, anawakatalia waliotuezekea. Akikubali, watu wa Chole watasema amenunuliwa. Na baba mdogo akalisema kweli:

"Mwalimu, tusibadilishe sala kwa ajili ya mabati."

Yule mama mgeni hakuhitaji tafsiri. Akatupungia mkono kwamba si kitu, akarudi nyuma kwa wanawake.

Hapo nyuma ndipo mama yangu alipokuwa amekaa. Akasimama.

"Shemeji, mabati yaache. Kama kuna mahali mwanamke anahesabiwa, basi na mimi ningehesabiwa siku ile kaburini. Wanawake tulikuwepo. Hukutuona?"

"Shemeji, mimi sikusema hivyo."

"Hukusema. Hakuna aliyesema."

Nikasikia mtu anaongea, na aliyekuwa anaongea ni mimi. "Mwalimu, naomba tumhesabu mama."

Mwalimu akajifuta jasho. "Nikikosea, kosa ni langu," akasema, akauanza mstari upya. Neno la kumi akalishusha kwa mama.

Nikasema Kadishi. Mahali pamoja nilikwama, mzee mgeni akanisaidia neno. Mama aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Baba mdogo hakuitikia hata moja. Lakini hakutoka, na angetoka tungepungua.

Wageni waliondoka, na darasa linaendelea. Mwalimu anasema hajui kama alifanya sawa. Baba mdogo hajaja Misugusugu tangu siku hiyo. Ametuma maneno kwamba sala ile ilikuwa hewa tu, na kwamba kaka yake bado anatudai Kadishi yake. Na mimi usiku narudi kulekule kwenye wasiwasi.

Ndiyo maana nimeandika. Ninyi mnaosoma, hasa mnaozijua sala hizi, huko kwenu mnahesabuje? Mama yangu angetosha? Naombeni mniandikie, hata kama jibu lenu ni lile la baba mdogo. Andikeni kwa Kiswahili chepesi, nitasoma polepole, na mama nitamsomea.